APOLO KIVEBULAYA, MWENYE KOTI JEKUNDU

Kila mwaka tarehe 30 Mei makanisa ya Kianglikana, hapa Uganda na ng'ambo, humkumbuka mtu mmoja aliyezaliwa Buganda, akatumika Toro, akafia Kongo. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Wengi hulijua jina hilo kwa kuwa limepewa makanisa na vyuo. Walio wachache zaidi wanajua kwamba mtu huyo, kabla ya kushika kitabu, alishika bunduki. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwasimulia maisha yake ndugu zetu wa jeshi na wa polisi. Yeye alikuwa mmoja wenu, akaiacha kazi hiyo, na baadaye akajikuta upande wa pili wa minyororo, akilindwa na askari kama mshitakiwa wa mauaji.

Nchi aliyoifanyia kazi si ngeni kwa wasomaji wetu. Mtu akitoka Fort Portal kwenda magharibi hukutana kwanza na milima ya Ruwenzori. Akiizunguka upande wa kaskazini hushuka katika bonde la joto la mto Semliki, wenye viboko na mamba, kisha ng'ambo yake hupanda ukuta wa vilima hadi nyanda za majani za Mboga, ambayo leo huandikwa Boga, katika jimbo la Ituri. Nyuma ya nyanda hizo msitu mkubwa huanza, nao hauishi kwa majuma ya mwendo wa miguu. Askari wengi waliovuka mpaka tangu Novemba 2021, majeshi ya Uganda na ya Kongo yalipoanza operesheni ya pamoja, wamezijua njia za sehemu hizo kwa miguu yao wenyewe. Nao wanajua kwamba usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa katika Boga na Tchabi. Hatuyasemi haya ili kufungua kidonda. Twayasema ili ifahamike kwamba mahali tunapopazungumzia si mahali pa hadithi. Ni mahali ambapo hata leo swali la nani mwenye nguvu, na anaitumiaje, ni swali la kufa na kupona.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akiwa pacha, na kwa desturi ya Baganda pacha mwanamume wa kwanza huitwa Waswa. Ndilo jina alilokuwa nalo kwa miaka thelathini ya kwanza. Ujana wake ulikuwa wa zama za misukosuko. Katika ua wa Kabaka Mutesa walifika walimu wa Kiislamu, kisha Waprotestanti, kisha Wakatoliki, na kila upande ukawavuta vijana. Waswa alisoma kwanza kwa Waislamu, na baadaye akavutwa na mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskochi aliyefika Buganda mwaka 1878 na ambaye mikono yake ilijua chuma na mbao kama ulimi wake ulivyojua neno. Kuvutwa si kugeuka. Vijana wengi wa siku hizo waligusa kila dini kwa kidole, na Waswa alikuwa miongoni mwao. Alivuta bangi. Alizoea maisha ya kambini. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipoondolewa katika kiti chake, na makundi ya dini yakageuka kuwa majeshi, kijana huyu alishika silaha kama wenzake.

Hapo yatupasa kusimama kidogo, maana bila kuijua vita ya miaka ile hatuwezi kuipima kazi aliyoifanya baadaye.

Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika Mengo kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Mwaka uliofuata alichukua jeshi kwenda magharibi, lenye Baganda wengi, naye Waswa alikuwamo. Jeshi hilo lilimweka Kasagama katika kiti cha Omukama wa Toro, baada ya nchi hiyo kuwa chini ya mkono wa Kabalega wa Bunyoro. Kisha Lugard akaendelea hadi Kavalli's, karibu na pembe ya kusini ya Ziwa Albert, na huko mwezi Septemba akawachukua Wasudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, askari wapatao 600 chini ya Selim Bey, pamoja na maelfu ya wake, watoto na watumwa wao. Aliwagawa katika ngome zilizojengwa mpakani mwa Toro na Bunyoro, akarudi zake.

Askari hao hawakuwa na mshahara wa kutosha wala chakula cha kupelekewa, na mwenye bunduki asiyelishwa hujilisha. Walichukua nafaka, mbuzi, na wanawake. Wenyeji walizikimbia ngome zilizojengwa kwa jina la kuwalinda. Wasomaji wetu wanaoijua historia ya majeshi ya nchi hii wanajua kwamba kutokana na watu hao ndipo zilipoundwa Uganda Rifles mwaka 1895, na kutoka hapo kikosi kimoja cha King's African Rifles mwaka 1902. Ni asili ya jeshi, na hapana haja ya kuionea haya wala kuipamba. Ila tuseme wazi kwamba mtu wa bonde la Semliki, alipomwona mgeni kutoka mashariki mwaka 1896, alikuwa na sababu nzuri ya kuficha mbuzi wake.

Katika siku hizo za uaskari Waswa alijipatia koti jekundu la kijeshi, akalivaa juu ya kanzu yake nyeupe. Watu wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la utani, na huenda mwanzoni lilikuwa la kumcheka. Naye hakulikataa. Aliendelea kuitwa hivyo hata alipokwisha kuwa padri, na leo ndilo jina lililoandikwa katika kalenda za makanisa.

Mabadiliko yake hayakuja kwa radi. Alirudi kutoka vitani, akajifunza kusoma vizuri, akaingia katika darasa la ubatizo, na Januari 1895 akabatizwa kwa jina la Apolo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mtu mzima mwenye mazoea yake. Bangi aliiacha. Mwaka ule ule akaomba apelekwe Toro kuwa mwalimu. Alirudi, basi, katika nchi ile ile aliyoipita na jeshi, safari hii bila bunduki, akiwa na vitabu vya kufundishia herufi. Kasagama mwenyewe alibatizwa mwaka 1896, akaitwa Daudi, na katika Toro ilianza kuwa heshima kuitwa msomaji, kama walivyoitwa wanafunzi wa dini wakati ule.

Kazi ya Toro ingeweza kumtosha. Lakini walimu wawili waliotumwa kabla yake ng'ambo ya Semliki, kwa Tabaro, mtawala wa Wahema wa Mboga, walikuwa wamerudi wamekonda. Hawakufukuzwa kwa mikuki, walinyimwa chakula. Watu walikatazwa kuwauzia, nao wakashindwa. Habari hizo zilipofika Toro, Apolo alijitolea kwenda mahali pao, na mwishoni mwa mwaka 1896 akavuka mto.

Tumwelewe Tabaro. Ni kosa la masimulizi mengi ya dini kumfanya mtawala wa namna hii kuwa shetani mwenye ngozi ya chui, apate kung'aa mtakatifu. Tabaro alikuwa na nchi ndogo katikati ya mawimbi makubwa: Bunyoro kaskazini, Toro mashariki, Wabelgiji magharibi, Waingereza wakija na askari wao. Akaletewa Muganda, mtu wa taifa lililomweka Kasagama kwa bunduki, aliyevaa koti la kijeshi, na Muganda huyo akaanza kukusanya vijana na kuwafundisha alama asizozielewa mzee yeyote. Zaidi ya hayo alisema hadharani juu ya ulevi na juu ya wake wengi, mambo ambayo kwa mtawala hayakuwa anasa tu bali njia ya kuunganisha koo na kulisha wageni. Sisi tungekuwa katika kiti cha Tabaro, tungeweka mlinzi mlangoni.

Njaa ilijaribiwa tena. Lakini Apolo alikuwa mtu wa mikono. Maisha yake yote aliijua kazi ya jembe na ya kujenga, wala hakuona aibu kuonekana na udongo miguuni, ingawa walimu wengine wa zama zile walidhani kalamu imewaokoa na jembe. Mgeni anayelima hatishiki kwa kufungiwa soko. Watu wachache wakaanza kumjia, wakajifunza kusoma, na katika hao wachache ukawa mwanzo wa kanisa la Mboga.

Njaa iliposhindwa, yakaja mapigo. Apolo alipigwa kwa amri ya mtawala, na nyumba yake ikachomwa moto. Mtu aliyewahi kuwa askari hupigwa kwa namna yake: hujua jinsi ya kurudisha. Anazijua njia za kwenda kwenye ngome, anajua maneno ya kumwambia afisa ili kikosi kije kuteketeza kijiji, na anajua kwamba kikosi hicho hakitauliza mengi. Katika mwaka 1897, askari Wasudani walipoasi na serikali ya Waingereza ikawa na wasiwasi juu ya kila mpaka, lalamiko la mwalimu aliyepigwa lingeweza kusikilizwa upesi. Apolo alibaki, akajenga tena, akaendelea kufundisha. Kwa maoni yetu hapo ndipo koti jekundu lilipovuliwa hasa, ijapokuwa mwilini alilivaa bado.

Kisha likatokea jambo la mkuki.

Lilikuwa jambo la kusikitisha kwa kila upande. Apolo alikuwa na mkuki, kama kila mwanamume aliyetembea katika nchi ya chui na simba, na katika shughuli za ujenzi mkuki huo ulikuwa umefichwa na majani. Dada yake Tabaro akauangukia, akafa. Mtawala aliyekuwa akitafuta sababu akaipata, na safari hii sababu yenyewe ilikuwa na damu ya ndugu yake. Alidai kwamba ni mauaji. Apolo akafungwa, akapelekwa ng'ambo ya Semliki hadi kwenye ngome ya Toro, akatiwa gerezani mikononi mwa afisa Mwingereza.

Yeyote kati yenu aliyewahi kuandika maelezo ya ajali kituoni anajua jinsi kesi ya namna hii ilivyo ngumu. Marehemu ni ndugu wa mkubwa. Mshitakiwa ni mgeni. Silaha ni ya mshitakiwa, wala hakatai. Mashahidi wote ni watu wa mlalamikaji. Bonde na mlima vinatenganisha gereza na mahali pa tukio, na hakuna anayekwenda kupima majani yalivyolala. Kwa desturi ya siku zile mkubwa akishasema, minyororo hutangulia na uchunguzi hufuata, kama unafuata. Mtu asiye na hatia alilala chini na chuma miguuni, na walinzi wake walikuwa askari wa namna ile ile aliyokuwa yeye miaka michache nyuma. Haikosi kuwa alizijua nyimbo zao.

Katika siku hizo za mateso, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye. Ukurasa huu si mimbari, nasi hatutamlazimisha msomaji kuamini maono. Ila mwandishi wa maisha ya mtu hana ruhusa ya kuliruka jambo ambalo mwenyewe alilihesabu kuwa kiini cha maisha yake. Tangu hapo, asema kila aliyemjua, hofu ilimtoka. Shitaka halikusimama, akafunguliwa.

Sasa tunafika mahali ambapo sisi, kila tunapoisoma habari hii, huona ugumu wa kuendelea bila kupumua. Mtu amepigwa, amechomewa nyumba, amefungwa kwa mauaji asiyoyafanya. Amefunguliwa, yuko Toro, kati ya rafiki zake, chini ya Omukama aliye Mkristo. Kazi iko tele. Hapana mtu angemlaumu kama angebaki. Walio wakubwa wake walimwona kuwa ametimiza wajibu wake. Yeye akavuka tena Semliki, akapanda vilima, akarudi kwa Tabaro.

Hakurudi na askari. Hakurudi na barua ya kudai fidia ya nyumba. Alirudi kwenye wasomaji wake wachache, ambao hawakutawanyika alipokuwa kifungoni, akaendelea palepale alipokuwa ameachia. Kwa mtu kama Tabaro, aliyeyaelewa mambo yote ya dunia kwa hesabu ya nguvu, jambo hilo halikuwa na mahali katika hesabu. Adui anayeshinda hulipiza. Adui anayeshindwa hukimbia. Huyu alikuwa ameshinda kesi, naye hakulipiza. Alikuwa ameumizwa, naye hakukimbia. Mtawala akaanza kumsikiliza. Kisha akaomba kufundishwa. Mwisho akabatizwa, akaitwa Paulo, jina ambalo kwa msomaji wa Biblia lina maana yake, kwa kuwa Paulo wa kwanza naye alikuwa mtesaji.

Twajua yako maelezo mengine. Yako mawazo kwamba Tabaro aliona upepo unakovuma, akaona kwamba Kasagama amepata faida kwa kubatizwa, akafuata. Hatuyatupi mawazo hayo. Hakuna mtawala anayeacha siasa nje ya mlango wa kanisa. Lakini upepo wa siasa ulikuwa ukivuma tangu Apolo alipofika mara ya kwanza, na Tabaro aliukabili kwa njaa, kwa fimbo na kwa moto. Kilichobadilika kati ya fimbo na ubatizo ni kimoja: mtu aliyetegemewa kuchukia hakuchukia. Na kanisa la Mboga halikuwa la Tabaro peke yake. Lilikuwa la watu wa kawaida waliomwona mwalimu wao akichukuliwa kwa kamba na kurudi bila kinyongo, nao wakajua maana ya maneno aliyokuwa akiwafundisha kabla hawajaweza kuyasoma vizuri.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Askofu Alfred Tucker alimpa ushemasi mwaka 1900 na upadri mwaka 1903. Alitumika muda mrefu katika Toro, akifungua makanisa na kuwaweka walimu. Hakuoa. Nyumba yake hata hivyo haikuwa tupu, kwa maana aliwalea watoto wengi wasio wake, wa kiume na wa kike, na wengine kati yao wakawa walimu. Aliandika shajara kwa Luganda, fupifupi, kwa mtindo wa mtu anayehesabu safari zaidi ya mawazo.

Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mipaka, na Mboga ikahesabiwa kuwa ya Kongo. Wakristo wa huko walijikuta chini ya bendera nyingine, mbali na askofu wao. Wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, Apolo alirudi kuishi nao, na tangu hapo Mboga ikawa makao yake hadi kufa. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Heshima hiyo ingemruhusu kuketi Mengo na kuzeeka kwa amani. Wakati huo yeye alikuwa amekwisha kuingia msituni.

Watu wa msitu wa Ituri ni Wambuti, ambao Waswahili wa zamani waliwaita Mbilikimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Waliishi kwa kuwinda kwa nyavu na upinde, wakihama kambi, wakibadilishana nyama na asali kwa ndizi na chuma cha wakulima. Wakulima waliwahesabu kuwa watu wao, karibu sawa na mali. Familia ya Wambuti ilirithiwa na familia ya mkulima kama shamba linavyorithiwa. Kuwaogopa waliwaogopa, kwa mishale yao, kuwaheshimu, hapana. Mhema wa Mboga, mwenye ng'ombe wake, hakuona sababu ya kula nao.

Mwaka 1921 Apolo, mzee wa karibu miaka sitini, alipata maono mengine, ambayo kwa maelezo yake yalimwagiza awaendee watu hao. Tena hatutabishana juu ya maono. Tunatazama miguu. Mzee huyo alianza kwenda katika kambi za msituni, kuketi nao, kula walichokula, na kusubiri. Jambo la kusubiri lataka kuelezwa. Watu wanaohama hawakusanyiki kwa kengele. Ukijenga kanisa leo, mwezi ujao wamekwenda. Kwa hiyo aliwafundisha vijana waliokubali kuzifuata kambi, walimu wenye kutembea, wanaolala chini ya majani ya msitu kama wenyeji wao. Alijitahidi pia Injili ya Marko iwekwe katika lugha yao, ili wasilazimike kuipokea kwa lugha ya wale waliowadharau. Kabla hajafa, wa kwanza wao walikuwa wamebatizwa.

Jambo hilo la msituni liliwagusa Wakristo wa Mboga kuliko hubiri lolote. Walikuwa tayari kumpenda Mungu. Wengi walikuwa tayari, kwa mfano wa Apolo, kumsamehe adui. Kuketi mkeka mmoja na Mmbuti lilikuwa jambo gumu zaidi. Adui ni mtu sawa nawe, ndiyo maana unapigana naye. Unayemdharau humpi hata heshima ya kumchukia. Kanoni wa Namirembe alipokula kutoka chungu cha kambi ya wawindaji, mazoea ya miaka mingi yalipata nyufa. Hatusemi yalianguka. Hata katika siku zetu watu wa msitu wanalalamika juu ya ardhi yao na heshima yao, na malalamiko yao yana haki.

Ajabu nyingine ni hii: katika miaka ile yote ya Kongo ya Wabelgiji, wakati padri mweusi aliyeongoza kazi bila Mzungu juu yake alikuwa kitu adimu, kazi ya Mboga iliongozwa na Mganda huyu pamoja na walimu wenyeji. Kutokana na mzizi huo dayosisi ya Boga ilianzishwa mwaka 1972. Ndiyo maana Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Kampala mwezi Februari 1977, alikuwa kiongozi wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Neno hilo la mwisho katika cheo chake lilitokana na mtu aliyekataa kubaki Toro baada ya kufunguliwa. Mwaka 1992 Waanglikana wa Zaire walipata jimbo lao wenyewe.

Mwaka 1933 Apolo aliugua. Alikuwa na umri upatao miaka sitini na tisa, na safari za bonde na mlima zilikuwa zimeuchosha moyo wake. Alipoona kwamba hatapona, alitaka kufia Mboga, na huko ndiko alikofia, tarehe 30 Mei 1933.

Kulikuwa na desturi ya kumzika Mkristo kichwa kikielekea mashariki, na kwa upande wa mashariki, ng'ambo ya Semliki, ndiko ilikokuwa Buganda aliyozaliwa, na kanisa kuu la Namirembe. Apolo aliacha agizo kwamba yeye asizikwe hivyo, kwa sababu kazi iliyokuwa haijakwisha ilikuwa upande wa pili. Wakachimba kaburi kama alivyoagiza, wakamlaza kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu.